Tundu la Moshi

Sisi tuliokulia Nchelenge kabla friji hazijafika vijijini, tuliamka na harufu ya moshi kabla ya harufu ya chai. Kila ua ulikuwa na tanuru la udongo la kukaushia makobo, samaki wetu wa Ziwa Mweru, na nguo za shule zilinuka vivyo hivyo. Tulicheza chiyato mchangani, kijiwe kimoja hewani, vingine chini, kisha tukala bukari, ugali wetu wa muhogo, kwa vidole vyenye masizi. Watoto wa leo wakiona masizi huulizia sabuni ya kunukia.

Mama alizaliwa upande wa Kongo na alitulea kwa Kiswahili cha huko. "Gusa kwanza ukuta ya tanuru," alituambia. "Kama mukono inakataa, toa kuni moja." Alipomfuata baba kaburini, mimi mkubwa niliacha shule nikashika tanuru, ili mdogo wangu Chola abaki darasani. Samaki ndio waliomsomesha.

Msimu mmoja wa mvua kuni zilikuwa mbichi, na Chola akaona joto linapotea bure. Nikiwa sokoni, akaziba kila tundu la tanuru kwa tope. Moto ukakosa pumzi, samaki wakatoka jasho badala ya kukauka, wote wakaoza. Mama mdogo alisimama uani ameshika pua.

"Huyu mutoto wa vitabu atatuua na njaa. Aache masomo, tuuze naye vitumbuwa."

"Mama mudogo, Jumatatu anarudi ku masomo."

"Na mutakula nini?"

"Tutakula vitabu."

Alicheka bila kupenda, akatuachia unga.

Chola, machozi hayajakauka, akatoboa tundu moja chini na lingine juu, akakaa kutazama. "Yaya," aliniita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "angalia. Moshi inapanda na maji ya samaki." Samaki waliofuata walikauka vizuri, naye akaendelea kusoma.

Hakuacha kutazama. Alisomea uhandisi wa mitambo Lusaka, kisha ng'ambo, na leo ni profesa. Maisha yake ya kazi yamepita katika joto, baridi na vitu vinavyotiririka: namna hewa inavyobeba joto, namna maji yanavyopoza mabomba, namna ya kuhifadhi samaki pasipo umeme. Akinieleza, nusu naielewa, nusu namwachia mwenyewe.

Desemba, uvuvi ziwani ukifungwa ili samaki wazaliane, huja nyumbani. Tanuru ni tupu, friji ya mwanangu inanguruma sebuleni. Bado huniambia, "Yaya, washa kidogo."

Vijana huinua macho kutoka kwenye simu. "Munapika nini, na samaki hakuna?"

"Hatupiki," Chola hujibu.

Siku hizi baridi huja kwa waya, na sijaona mtoto aliyekaa kuitazama. Sisi tunakaa, wazee wawili mbele ya tanuru lisilo na samaki, na bila kuambiana kila mmoja hunyoosha mkono, akagusa ukuta.