Malkia Alipoingia Televizyo

Watu wakinipongeza kwa ile filamu ya mchezo wetu, ninawaangalia tu. Wengine wanadhani ninajivuna. Hapana. Nikifungua mdomo nitatukana, na mimi ni mwalimu wa darasa la tatu huku Kadutu, wazazi wa watoto wananijua.

Basi niseme hapa, mara moja, na aliyenifanyia vile akisoma ajue ni yeye. Jina lake sitalitaja. Limeshaandikwa kubwa vya kutosha mwanzoni mwa filamu.

Tulikuwa walimu vijana na marafiki, mimi na yeye, tulipoanzisha kundi la kuigiza katika ukumbi wa parokia. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa tamthilia ya kale ya Kifaransa, moja ya zile tulizolazimishwa kukariri sekondari. Mfalme anataka kiti kisimtoke, anamuua mtoto wa malkia, na malkia anauosha na kuuvalisha mwili wa mwanawe mbele ya watu wote kabla ya kuilaani ile nyumba. Mara ya kwanza tuliucheza kwa Kifaransa chake, mistari mirefu yenye vina, na watu wakakohoa mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja aliyekaa mbele kabisa alitoa ndizi zake akaanza kumenya. Nilipofika kwenye maombolezo ya malkia, mistari ishirini na minne ya kusemesha miungu, nusu ya ukumbi ilikuwa nje inanunua mandazi.

Tukasema bon, Kifaransa kibaki shuleni. Tukautia mchezo katika Kiswahili chetu cha Bukavu. Tulikaa kwenye mabenchi, mmoja anasema maneno ya kitabu, mwingine anatafuta mtu wa Kadutu angeyasema namna gani akiwa amekasirika kweli. Hakuna aliyeandika kitu. Na hapo ikazaliwa sheria ya kundi letu: sehemu ya mtu ni ya mtu. Anaibeba kinywani mwake. Akiugua, mchezo unangoja. Akizaa, mchezo unangoja, na mimi nimengojewa mara mbili. Akihama au akichoka, ni yeye anayemchagua wa kumwachia, na anamfundisha kwa mdomo, wakiwa wawili peke yao. Mfalme wetu wa kwanza alipopata kazi Lwiro alirudi kila Jumamosi kwa miezi miwili kumfundisha aliyemchagua. Tuliona ni kawaida, na aliyefundishwa alimnunulia soda.

Lakini maombolezo ya malkia yalitushinda. Kila nilichojaribu kilikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nalia kama mtu anayeombwa alie.

Mwaka wa tatu wa kundi, binti yangu akafa. Alikuwa na miaka minne. Homa, siku tatu, basi. Rafiki yangu huyohuyo ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo. Asubuhi ya mazishi wamama wa jirani walikuja kumvalisha, nikawaomba watoke. Tukabaki watatu: mimi, mume wangu amesimama karibu na mlango, na mtoto. Alikuwa na sweta ya manjano ya sufu, mikono imebana, na kila asubuhi tulikuwa tunapigana nayo kabla ya kutoka. Nikamvalisha hiyo. Na kinywa changu, bila kuniuliza, kikasema maneno ya kila asubuhi. Leta mukono. Ule mwengine. Usikunje kidole, mama, tutachelewa.

Miezi saba baadaye nikarudi jukwaani. Kijana wetu aliyekuwa mwana wa malkia alikuwa amelala chini, amefunikwa shuka. Nikapiga magoti, na mistari yote niliyokuwa nimejiandalia ikanikimbia. Nikashika mkono wake, nikasema yale. Nilibadilisha neno moja tu. Yeye alikuwa mwanaume, kwa hiyo nilimwita papa, jinsi tunavyowabembeleza watoto wetu wa kiume. Hakuna aliyekohoa. Kisha nikasikia mama mmoja kule nyuma anaanza kulia kwa sauti, na mwingine, na nikangoja wamalize, kwa sababu jukwaani unaweza kungoja.

Rafiki yangu alikuwa pembeni ya pazia. Alijua maneno yametoka wapi, maana nilimsimulia mwenyewe siku za matanga. Alinishika tu bega. Nilimpenda sana siku ile, lazima nikubali.

Miaka kumi na minane nilimcheza malkia, kila mwaka baada ya Pasaka. Sokoni hata wauza sambaza, vile visamaki vya ziwa, waliniita Malkia, tena bila kunipunguzia bei. Watu walikuwa wakiniuliza ninawezaje. Niliweza kwa sababu jukwaani neno linakufa palepale linaposemwa. Pazia likifungwa, ninalirudisha ndani, ninaenda nyumbani kupika. Mwaka unaofuata nikitaka ninalitoa, nisipotaka hakuna wa kunilazimisha. Lilikuwa langu.

Mume wangu hakuwahi kuja kuuona mchezo. Alikuwa dereva wa lori njia ya Mwenga, Jumamosi nyingi yuko kwenye matope huko, na akiwepo alisema waongo wa barabarani wanamtosha, hana haja ya kuwalipia kiingilio wengine. Sikumsukuma. Kusema kweli, ilinifaa.

Mwaka juzi wakaja watu wa televizyo. Walitaka michezo mikubwa ya zamani, ile inayojulikana na kila mtu aliyesoma, waifanye filamu za kwetu, kwa Kiswahili chetu. Rafiki yangu alikuja nyumbani anatembea kama bwana harusi. Aliniambia kazi yetu imeonekana, sasa hata watu wa Shabunda watatuona. Tatizo moja tu, televizyo inataka maandishi, na sisi hatukuwa na ukurasa hata mmoja. Sehemu zote nilizijua mimi, za mfalme, za mlinzi, za mjakazi, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale miaka yote. Akaniomba niziseme kwenye simu, nimtumie kama ujumbe wa sauti, yeye ataandika.

Nikamuuliza maombolezo je. Alijua ninauliza nini. Akaniangalia machoni, huyu mtu aliyemshika mwanangu juu ya maji ya ubatizo, akasema:

“Kile kipande ni chako. Hakuna mutu atakigusa. Nitumie tu tupime dakika, batu ya kamera banataka kujua itachukua muda gani.”

Majuma mawili, watoto wakishatoka, nilibaki darasani na simu juu ya meza, nikisemasema peke yangu kama mwendawazimu. Mlinzi wa shule alikuja mara mbili kuangalia kama niko sawa. Maombolezo niliyatuma ya mwisho. Niliyasema mara moja tu, nikafunga simu, nikafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Kisha kimya. Nikimpigia, yuko kwenye mkutano. Nikiandika, anajibu na vile vidole gumba vya njano. Siku moja dereva wa pikipiki ananipandisha kutoka sokoni, ananiuliza kwa heshima kabisa, maman, kwani uliacha kuigiza? Nikamwambia kwa nini niache. Akasema yeye amekuwa akiwabeba wale watu wa filamu mwezi mzima, kule Nyantende na kwenye nyumba moja ya ghorofa kando ya ziwa, na wameshamaliza, wamefungasha vyombo vyao. Malkia alikuwa msichana fulani mrembo sana. Nilimwambia anishushe palepale. Nikateremka kwa miguu ile njia ya ngazi za udongo hadi kwa rafiki yangu, na nilikuwa na mfuko wa maharagwe mkononi, namshukuru Mungu sikumpiga nao.

Mke wake alinipa kiti. Yeye akaanza kueleza. Kamera si jukwaa, kamera inaona kila mkunjo. Watu wa televizyo walitaka malkia kijana, wa kisasa, na mfalme wamemfanya tajiri wa leo mwenye walinzi na magari. Alipigana kwa ajili yangu, akapigana sana, walimshinda. Nami nilishachezea ukumbi miaka yote, si nimwachie na mtoto wa wenzangu naye aonekane?

Nikamwambia kwetu anayeacha ndiye anayechagua wa kumwachia, na mimi sijaacha. Akaangalia chini. Hapo nikauliza kitu kimoja ambacho kilinileta.

“Na kile kipande?”

“Nilikitoa,” akasema. “Hakimo. Nakuapia.”

Nililia njia nzima ya kurudi, kwa hasira, lakini chini ya ile hasira nilikuwa na shukrani kidogo. Mjinga mimi. Nilijiambia amenipokonya kiti lakini ameniachia mtoto wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa bado naifua ile nguo na kuipiga pasi.

Filamu ilionyeshwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Umeme ulikuwepo, bahati mbaya. Majirani walijaa sebuleni kwetu bila kualikwa, maana walikuwa hawajui lolote, walikuja kumwona Malkia wao. Mume wangu, ambaye siku hizi goti limemtoa barabarani, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba walichukua mtu mwingine. Alisema hasara ni yao.

Na filamu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Ziwa lilionekana kama hatulioni kila siku, na ule mlango wa ghorofa ukifungwa nyuma ya malkia ulisikika kuliko radi zote tulizopiga kwa mabati ukumbini. Malkia kwa kuwa ni kijana, mtoto wake hakuweza kuwa mwanaume mzima kama wetu. Walimweka mtoto mdogo. Wakamweka msichana.

Nilijua kabla malkia wao hajafungua kinywa. Nilimwona anaingia chumbani, mtoto amelala kitandani, na juu ya kiti kuna sweta. Ya sufu. Ya manjano. Ile sijawahi kuisema jukwaani, sisi tulitumia shuka. Ni mtu mmoja tu wa televizyo nzima aliyeijua ile sweta, na alikuwa amesimama kando ya kaburi tukimzika mwanangu nayo.

Yule malkia kijana akashika ule mkono mdogo. “Leta mukono,” akasema. “Ule mwengine. Usikunje kidole, mama, tutachelewa.” Akasema taratibu, kwa pumzi zangu, mahali pangu pa kusitasita. Alikuwa amesikiliza sauti yangu hadi akaimaliza. Simlaumu, alikuwa mzuri, alikuwa mzuri kunishinda.

Majirani wakalia wote. Mmoja akasema huyu mtoto wa watu atafika mbali. Binti wa jirani huyo alikuwa ameshanyanyua simu anarekodi kile kipande awatumie wenzake, na nikaelewa kwamba kesho kitakuwa kwenye kila simu ya Kadutu, na kesho kutwa watoto wa shule watakuwa wanakiiga kwa mchezo wakati wa mapumziko.

Mume wangu akasimama. Akapita katikati ya watu bila kuomba njia, akatoka nje.

Nikamfuata. Nilikuwa na kila kitu tayari cha kumwambia: ahadi, majuma mawili darasani, kiapo mbele ya mke wake, sweta. Nilitaka mtu mmoja duniani akasirike pamoja nami. Alikuwa amesimama karibu na pipa la maji ya mvua, mgongo kwangu.

“Ule binti alitoa wapi ile maneno?”

Nikamtaja rafiki yangu. Nikamwambia ni mwizi, kwamba alinilaghai.

“Na yeye alitoa wapi?”

“Kwangu.”

“Ulimupatia?”

Sikuweza kumdanganya. Nikasema niliyasema jukwaani. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu miezi saba baada ya kumzika. Akauliza ni mbele ya watu wangapi, nikasema ukumbi ukijaa, kila mwaka. Akawa kama anarudi nyuma mwaka mmoja mmoja, Jumamosi moja moja, yeye akiwa kule Mwenga na mimi nikiwa hapa.

“Mimi nilizaniaka ile ilikuwa yetu,” akasema. “Yetu sisi batatu.”

Ndani walikuwa wanapiga makofi. Nilikuwa na neno moja baya sana nililomwandalia rafiki yangu, nilikuwa nalo mdomoni tangu nilipoiona ile sweta. Nikabaki nalo pale uani, sijui tena ni la nani.