Mbuzi Aliyechinjwa Kabla ya Jirani Kufika

Wiki jana nilipita Makutano, nikakuta bucha ya jirani yetu wa zamani imegeuzwa duka la simu. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa, maana yule mzee Mwislamu alinifundisha dini kuliko shule ya Jumapili.

Utotoni mwangu, ndugu yangu, Krismasi kwa nyanya haikuanza kabla jirani hajafika. Nyanya alikuwa Mkristo wa kwaya, lakini mbuzi wetu alichinjwa na Mwislamu huyo, jina la Mungu likitajwa, ili nyumba zote mbili zile chungu kimoja. Mwaka mmoja mjomba, kwa uroho wa mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu, akashindwa kungoja. Jirani na mkewe walipoingia, mbuzi alikuwa keshachunwa na damu imekingwa kwenye sufuria.

Nyanya alishika kichwa. Mgeni kushinda njaa kwake siku ya Krismasi ilikuwa aibu isiyotoka kwa sabuni.

"Nyama hatutakula, mama, lakini kukaa tutakaa," jirani akasema.

Chakula kilipopakuliwa, mimi, msichana mwenye kimbelembele, nikauliza kwa nini hawali nyama yetu. Akavuta kigoda, akanieleza polepole: Mungu ni mmoja, hana mshirika, uhai ni wake, ndiyo maana mnyama hachinjwi bila jina lake, na damu hailiwi. Akasema hata Wayahudi, wanaoshika Torati ya Musa na Sabato, humwamini Mungu mmoja na hawali damu. Wote baba yao ni Ibrahimu, ila Wayahudi bado wanamngoja Masihi, na Waislamu wanamfuata Muhammad, mtume wa mwisho.

"Na Yesu je?" nyanya akauliza, macho makali.

"Ni mtume mkubwa, mama. Lakini si mwana wa Mungu."

Niliogopa kweli. Nyanya akasukuma kando sahani yake ya nyama.

"Hapo mimi na wewe hatutasikizana," akasema. "Lakini hii githeri inapoa."

Akala githeri, yale mahindi yaliyopikwa na maharagwe, pamoja nao, na nyama hakuionja siku hiyo. Mjomba alitafuna mutura wake nyuma ya jikoni, peke yake.

Wazee wale wote wametangulia, nami nawakosa sana. Siku hizi kila boma lina ukuta. Krismasi iliyopita tulichinja asubuhi na mapema, tukala tukashiba. Ng'ambo ya ukuta wangu kuna familia ya Kiislamu iliyohamia mwaka juzi. Nawasikia watoto wao wakicheza. Sijawahi kuwaita.