Mchanga wangu mzuri na siki ya dada wa Buswelu

Leo nimeenda Buswelu kugombana, nimerudi nimebeba udongo.

Samaki wangu wawili wa mapambo wamekufa, na mimea ya tangini imekuwa njano. Nikamvaa dada aliyeniuzia.

"Umeniuzia wagonjwa! Mimi nimewatandikia mchanga safi wa ziwani, huu hapa!"

Akaudondoshea siki. Mchanga ukatoa povu, jamani!

"Kaka, umejaa maganda ya konokono. Yanamaliza asidi ya maji, na hawa wanapenda maji yenye asidi kidogo. Ulidhani umenunua sato, wanaostawi kwenye maji yasiyo na asidi?"



Yule dada ni fundi! Kanipa udongo mweusi unaorudisha asidi polepole. Nimeshautandika. Wanne waliobaki tuwaombee.

Mwenye bwawa la sato aje achukue mchanga. Hauna kosa, mwenye kosa ni mimi.