Korosho Iliyolala Puani

Nilikuwa nimerudi nyumbani, Chuno, kumalizia tasnifu, nikiamini ningepata utulivu kuliko bwenini. Alasiri hiyo mama na mdogo wangu wa kike walikuwa uani wakibangua korosho zilizokwisha kuokwa, mikono wameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasiwaunguze. Binti wa mdogo wangu, wa miaka minne, alikuwa akipewa vipande vilivyovunjika. Kimoja hakukipeleka mdomoni.

"Mjomba, korosho imelala humu," aliniambia, akionyesha tundu la kulia la pua yake.

Hapo nilitenda kosa ambalo mpaka leo linanitia aibu. Katika semina ya huduma ya kwanza chuoni nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, nikapigia mstari: usiingize kitu puani. Nami nikachukua kibano cha nyusi cha mdogo wangu. Ncha zilipoigusa korosho, iliteleza ndani zaidi. Mtoto akalia kwa kwikwi, na kila kwikwi niliiona ikiivuta korosho kuelekea mapafuni.

Mama alikuwa amekwisha kufungua kikopo chake cha ugoro. "Mnusishe kidogo tu. Chafya moja, itatoka. Wewe mwenyewe nilikutoa kunde hivi hivi."

"Hapana, mama. Kabla ya chafya, mtu huvuta pumzi ndani."

"Haya, msomi! Umesoma mpaka miwani imekuwa mizito, leo kipande cha korosho kimekushinda."

Kilikuwa kimenishinda kweli. Hata hivyo niliweka kiganja juu ya kikopo, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mama yangu, wala sikukiondoa.

Nilimtaka mdogo wangu anawe, ampakate mwanawe, ambembeleze hadi kwikwi zikome. Kumwambia mtoto apenge sikuthubutu: wa umri ule aweza kuvuta badala ya kusukuma.

"Mwambie unampa busu kubwa," nilimweleza. "Mdomo wako ufunike wake wote. Ziba tundu la kushoto kwa kidole. Kisha puliza mara moja, pumzi fupi ya ghafla, iisukume korosho kutoka nyuma."

"Nikimpasua je?"

"Kwani puto huyo? Puliza!"

Mara ya kwanza hewa ilivujia pembeni, mtoto akacheka. Mara ya pili korosho ilichomoka pamoja na kamasi, ikamgonga mama yake shavuni.

"Hiyo yangu," mtoto alisema, akinyoosha mkono.

"Hata ugoro ungeitoa," mama alinung'unika.

Niliigeuza ile korosho vidoleni. Ukingo mmoja ulikuwa umemeguka. Sikuweza kujua kama ulimeguka wakati wa kubangua au kwa kibano changu. Mama alisema yamekwisha. Nikambeba mtoto mgongoni, mdogo wangu akanifuata, tukaenda zahanati.

Tabibu alimulika tundu moja, kisha la pili, bila haraka.

"Hakuna kilichobaki," alisema. "Ila kuna mkwaruzo. Nani aliingiza kitu humu?"

Mdogo wangu alitazama sakafu.

"Mimi," nikasema.