Feni ya lori la harusi, na neno ambalo bibi harusi hakupaswa kulisema

Wakuu wa jukwaa la magari, salaam, hasa ninyi wenzangu mnaoendesha magari yaliyochoka kabla yenu.

Juzi mdau mmoja aliuliza hapa: feni ya rejeta ikifa safarini, unafanyaje? Majibu yalikuwa mengi, mengine ya kitaalamu, mengine ya kumshauri auze gari.

Mimi nitajibu kwa kisa cha nyumbani kwetu. Nimekipata kwa wenyewe wawili, babu na bibi yangu, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana popote ila kwenye rangi ya kanga. Babu alisema nyekundu, Bibi akasema ya bluu. Nimemwamini Bibi, maana kanga ilikuwa yake.

Mnivumilie kwa urefu. Nina shahada ya historia na gari kuukuu, vitu viwili vinavyomfanya mtu aongee sana akiwa kando ya barabara.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Wazungu wa ule mradi mkubwa wa kulima karanga walikuwa wameshashindwa na ardhi ya Nachingwea, na malori yao yakawa yanauzwa kwa yeyote mwenye moyo mgumu. Moja lilinunuliwa na mwenye duka mmoja pale mjini, naye akamwajiri babu yangu kuliendesha.

Babu Issa wakati huo hakuwa babu wa mtu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya dereva, anabeba ufuta na mihogo mikavu kutoka vijijini, na alikuwa amemchumbia binti wa Likunja, upande wa Ruangwa, aliyeitwa Somoe.

Somoe ndiye bibi yangu.

Sasa, Somoe alikuwa na sifa moja iliyojulikana Likunja nzima: mdomo wake haukulala. Akitwanga anasema, akichota maji anasema, na wapo walioapa kwamba hata akimeza mate anasema.

Na desturi ya kwao wakati ule ilikuwa hivi: bibi harusi akishafunikwa kanga na kutoka kwao, hasemi neno mpaka avuke kizingiti cha nyumba ya mumewe. Akisema njiani, ameimwaga baraka ya nyumba barabarani. Tena mama mkwe, jambo la kwanza analouliza si habari za safari. Anauliza, "Amesema?"

Basi mjue utani ulikuwaje.

Shangazi zake walimwambia wakati wa kumpaka hina, "Somoe, ukifika Nachingwea bila kusema, sisi tutarudi Likunja kwa magoti."

Mama yake hakucheka. Alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, usinitie aibu kwa watu wa mjini."

Bibi alinieleza kwamba neno hilo lilimkaa kifuani kuliko utani wote wa shangazi. Akaapa atanyamaza.

Tatizo likawa usafiri. Lori lilikuwa moja, na dereva anayelijua alikuwa mmoja, naye ndiye bwana harusi. Wazee wakaguna. Bwana harusi amchukue mkewe mwenyewe, kama anabeba gunia? Mwishowe mjomba wa Somoe, ambaye kwa watu wa huko ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake, akatoa hukumu: itundikwe kanga ndani ya kebini, katikati. Upande huu dereva. Upande ule bibi harusi na kungwi wake, Bi Zuhura. Wengine wote, na ngoma zao, nyuma.

Nimejaribu kuiwaza hiyo safari. Mtu anaendesha kwenye vumbi jekundu, mke wake yuko kiganja kimoja kutoka kwenye bega lake, na haruhusiwi hata kukohoa kwa ajili yake.

Lori lenyewe, Babu alikiri, lilikuwa na kasoro. Mshale wa kuonyesha joto la injini ulikuwa umelala tangu tajiri wake alipolinunua. Mkanda wa feni ulikuwa na ufa. Yeye alikuwa anategemea masikio: mkanda ukianza kulia, anasimama.

Siku hiyo nyuma kulikuwa na ngoma tatu na wanawake wasiochoka kuimba. Mkanda ulilia, ukakatika, feni ikasimama, na hakuna aliyesikia chochote.

Aliyejua kwanza ni Bibi.

Alijua kwa miguu. Alikuwa peku, hina bado mbichi, na sakafu ya kebini ikaanza kupata moto. Kwanza vuguvugu. Halafu ikawa ya kuinua kidole. Halafu ikaja ile harufu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Akamfinya Bi Zuhura.

Bi Zuhura, aliyekuwa anasinzia, akampapasa mgongo. "Lia tu, mwanangu. Hata mimi nililia."

Akamfinya tena, akaonyesha chini kwa kidole.

"Miguu imekufa ganzi? Tutafika."

Bibi aliniambia kwamba hajawahi kutamani kitu maishani kama alivyotamani kusema wakati ule. Akauma ukingo wa kanga. Akainua miguu yote miwili, akaiweka juu ya furushi la nguo zake, akanyamaza kwa ajili ya mama yake.

Walikuwa wanapanda kilima kabla ya kuingia upande wa Nachingwea wakati boneti ilipoanza kutoa moshi mweupe. Babu akakanyaga breki. Ngoma zikakatika.

Watu wakashuka. Kila mtu akawa fundi. Mmoja alisema petroli imeganda. Mjomba, aliyevaa kanzu yake nzuri kuliko zote, akasimama mbele ya lori na fimbo yake.

"Kijana, binti yetu atalala porini?"

"Hapana, mjomba. Ni mkanda wa feni tu. Nitie maji, nifunge kamba, twende."

Hapo ndipo palipo jambo lenyewe, wakuu. Babu alikuwa anajua kazi yake. Siku nyingine yoyote angekaa chini ya mti, akavuta sigara, akasubiri injini ipoe. Lakini siku hiyo alikuwa na wakwe nyuma ya shingo yake, harusi inasubiri, na lori limemuumbua. Aibu ikamfanya awe na haraka. Akavua koti, akalizungushia mkononi, akainama juu ya rejeta na kushika kifuniko.

Bi Zuhura alikuwa amemshusha bibi harusi na kumsimamisha pembeni, kafunikwa gubigubi. Lakini kanga ina uwazi wake pale chini ya kidevu, na Bibi alikuwa anaangalia. Aliuona mkono. Aliusikia mvuke unavyonguruma ndani, uso wa mumewe ukiwa juu yake. Na yeye alikuwa na kovu kwenye kifundo cha mkono, la siku alipofunua chungu cha uji kwa pupa.

Akasema.

"Wewe, acha. Usifungue."

Bi Zuhura alijifunika mdomo wake mwenyewe, kana kwamba ndio uliotoroka. Shangazi mmoja akaanza kucheka, akajizuia.

Mjomba akageuka taratibu.

"Nani amesema?"

Ndani ya kanga Bibi alikuwa ameshaiwaza sura ya mama yake.

Babu akaondoa mkono kwenye kifuniko, akanyooka.

"Nimesema mimi, mjomba."

"Wewe?"

"Mimi. Najikumbusha. Rejeta ikichemka haifunguliwi."

Mjomba akamtazama muda mrefu. "Sauti yako imekuwa nyembamba."

"Vumbi, mjomba."

Mzee yule alikuwa na chaguo la kufanya, na mimi namshukuru hadi leo ingawa sikumkuta. Alikohoa, akaegemea fimbo yake, akatangaza kwa sauti ya baraza: "Mkwe wetu ana tabia ya kusema peke yake. Ni ugonjwa mdogo. Tusubiri gari lipoe."

Wakasubiri. Ngoma ikarudi. Watu wakala mihogo ya kuchoma iliyokuwa zawadi kwa wenyeji wa Nachingwea.

Jua lilipoanza kulegea, Babu aliligusa bati la rejeta kwa kiganja, akaridhika, akakaa kando na kulegeza kifuniko kidogo kidogo. Hata hivyo maji yalifoka, yakaruka juu ya boneti na kumwagika kwenye vumbi. Yangekuwa ya moto kama ya mwanzo, nisingekuwa na babu wa kumsimulia, au ningekuwa na babu asiyeona.

Mjomba akayatazama yale maji. Kisha akaitazama ile kanga iliyosimama kimya pembeni.

"Ahsante, dereva," akasema, "kwa kujikumbusha."

Ikabaki mkanda. Kamba ya gome la mti aliyoifunga badala yake ilikatika mara ya kwanza injini ilipowashwa. Babu akazima, akakuna kichwa, macho yake yakaenda ndani ya kebini na kurudi haraka.

Bi Zuhura akaelewa. Akapanda, akalichomoa lile pazia, akamtupia. "Chukua. Umeshamsemea, pazia la nini tena."

Kanga ikasokotwa, ikafungwa fundo, ikazungusha feni. Walikwenda polepole, wakisimama mara kwa mara kuipoza na kuongeza maji, na njia yote iliyobaki hapakuwa na kitu kati ya babu na bibi yangu, na Bi Zuhura kule dirishani alijifanya amelala.

Mlangoni mama mkwe aliuliza swali lake. Bi Zuhura akajibu bila kupepesa: "Aliyesema njiani ni dereva."

Sasa mafunzo, maana mtanidai. Gari likichemsha, simama na uzime injini. Kaa mbali na kifuniko mpaka rejeta ishikike kwa mkono mtupu, na kwa wakati huo mtu asikuharakishe, hata awe mkweo. Magari yetu haya yenye feni za umeme, feni inaweza kuanza yenyewe injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo vidole, tai na kanga viwe mbali. Na mkanda wenye ufa ubadilishwe nyumbani. Najua wangapi hapa mna ufa na mnategemea masikio. Mimi ni mmoja wenu.

Nimalizie na nililoliona kwa macho yangu.

Miaka ya mwisho Babu alipooza upande mmoja na ulimi ukafungwa. Nilikuwa nimekaa naye hospitali, Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, pembeni ya miguu yake. Daktari kijana akaingia, akauliza, "Mzee, unasikia maumivu wapi?"

"Bega," akasema Bibi. "Na anataka dirisha lifunguliwe."

Daktari akatabasamu kwa adabu. "Bibi, tumwache mzee aseme mwenyewe."

Bibi akamtengenezea Babu shuka begani, akamtazama usoni.

"Amesema yeye," akasema.

Na Babu, kwa ule upande wa uso uliobaki, akacheka.

Dirisha likafunguliwa.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kisa cha gari lake kuchemsha akilete, na mwenye kunisahihisha kuhusu mikanda anisahihishe. Msiogope kusema. Mjomba akiuliza, nitajibu nimesema mimi.