Kompyuta Niliyoikataa

Kazi yangu hapa Lodwar ni kukagua kompyuta. Muuzaji akileta mashine ofisini kwetu, mimi ndiye ninayezifungua, kuzichokonoa na kujaza fomu: inafaa, au haifai. Wauzaji hawanipendi, na kusema kweli nilikuwa nikilifurahia jambo hilo.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba samaki wakavu kutoka Kalokol, akabeba unga na mafuta ya kupikia hadi Kakuma na Lokichoggio, miaka kumi na sita bila kugonga hata mbuzi, ingawa hapo huwa anatia chumvi kidogo. Kisha mguu wake wa kushoto ukaanza kukosa klachi. Madaktari wa Eldoret walimpima, wakaupa ugonjwa jina refu, wakasema misuli itaendelea kuisha, miguu kwanza, halafu mikono. Hawakusema lini. Akahamia kwangu, mtaa wa Kanamkemer hapa hapa Lodwar, akawa anashinda mlangoni kwenye kiti cha magurudumu, akitambua malori kwa mlio wa injini.

Aliomba kitu kimoja tu. Siku za safari zake aliwahi kuona, kwenye kibanda kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma, gemu ya kompyuta ya kuendesha malori. Unapakia mzigo, unabadilisha gia, unaangalia vioo vya pembeni. Alitaka kuendesha tena kabla mikono haijafuata miguu. Aliniambia hivyo hivyo, bila kupindisha, huku akinywa chai.

Nilipotumwa Kakuma na ofisi, nikapita kambini kwa fundi mmoja Mkongomani anayeuza kompyuta zilizotumika. Alikuwa na moja ya mezani, ya bei nafuu, iliyokwisha kutumikia ofisi za watu kwa miaka. Haikuwa na kadi yake ya picha. Picha zilichorwa na prosesa yenyewe, tena kwa kutumia memori ile ile ambayo mashine iliihitaji kwa kazi nyingine, na memori ilikuwa kijiti kimoja tu. Kwa kuandika barua, safi kabisa. Kwa gemu nilikuwa na shaka zangu. Fundi akaniruhusu nikaijaribu nyumbani kwa siku chache.

Jumamosi asubuhi niliiweka mezani, nikaingiza ile gemu, nikashusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Vivuli nikavizima. Miti ikabaki kama sukumawiki iliyochemshwa kupita kiasi. Kwenye kona ya skrini nikaweka kihesabio cha fremu, yaani picha ngapi zinapita kwa sekunde moja. Barabara ikiwa tupu, thelathini. Lori likiingia mjini, zinaanguka hadi kumi na tano, na lori linakwama, linaruka. Saa saba mchana, mabati ya paa yalipochemka kwa jua, feni ilianza kupiga kelele na mashine ikazidi kuzubaa. Niliandika yote.

Kaka hakuwa na habari na kona ya skrini. Alibonyeza vitufe kwa vidole viwili vya kila mkono, akapiga honi kwa mdomo, akamtukana dereva wa basi wa ndani ya skrini, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Eldoret. Nilipomwambia kwamba mashine ni mbovu kwa kazi hiyo, alinigeukia.

"Mbovu wapi, dada? Barabara ya Kakuma zamani si ilikuwa hivi hivi? Inaruka, inakwama, inaendelea. Na tulikuwa tunafika."

Nilimcheka. Nikamweleza habari za fremu, nikamwambia ninamtafutia kitu cha maana, avumilie kidogo. Akasema sawa. Kaka yangu hakutaka kubishana na mtu anayemlisha, na hilo sikuling'amua wakati ule.

Jumatatu nikairudisha Kakuma. Fundi alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, nikiwa na karatasi yangu mkononi, kisha akauliza jambo moja.

"Na ule mwenye kucheza, mama, yeye alisema nini?"

Nilimjibu kwamba mchezaji si mtaalamu. Akaichukua mashine yake, akaifuta vumbi kwa kiganja.

Niliagiza nyingine Nairobi, yenye kadi yake. Ikachelewa. Ilipokuja, kadi haikuwa ile niliyoagiza, nikaikataa. Ya pili ilikwama njiani mvua ilipokata barabara, ikafika imepasuka ubavu, nikairudisha nayo. Kila mara nilikuwa na haki. Nyumbani, kaka alianza kushika kikombe kwa mikono miwili, baadaye akawa anakunywa kwa mrija. Niliyaona hayo kwa macho yangu na bado nikaendelea kujaza fomu. Najichukia kwa hilo.

Mashine nzuri ilifika mwezi wa nane wa kungoja. Fremu sitini, hazishuki hata mjini, na mvua inatiririka kwenye kioo cha lori. Nikaweka mikono ya kaka juu ya vitufe. Vidole havikubonyeza. Alijaribu, uso ukajikunja, kisha mkono mmoja ukateleza ukaangukia pajani. Nililia mbele yake bila kujificha. Alingoja nimalize, akaniambia nikae mimi.

Basi siku hizi naendesha mimi nikitoka kazini, yeye kando yangu. Ananiambia nipunguze gia, ananiambia bado, ananiambia sasa. Sijawahi kujifunza gari, kwa hiyo napanda kingo na kumwaga mizigo, na ananivumilia kuliko nilivyomvumilia mtu yeyote. Juzi, tukiwa katikati ya mji na picha haikwami hata kidogo, nilimuuliza kama anaona ilivyo safi.

"Iko safi," akasema. "Lakini ile ingine, ni mimi nilikuwa naendesha."