Arlene na Jiwe Lililoogopwa

Arlene Wojta hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kufanya jambo analoliona sawa. Mkitaka ushahidi, kaulizeni bwaloni pale Chuo Kikuu cha Kettle Bend, ambako amekaanga mayai tangu wanafunzi wake wa leo hawajazaliwa. Mimi nilikuwa jiko moja naye, upande wa vyombo. Nimemwona kwa macho yangu akimtoa kwenye foleni mkuu wa kitivo aliyejipenyeza mbele ya binti mmoja aliyekuwa anawahi mtihani.

"Profesa, mkia wa foleni uko kule," alimwambia. "Au nikuchoree ramani?"

Na profesa akaenda mkiani, tena akicheka. Ndivyo alivyokuwa Arlene. Alijua nani kaachwa na mpenzi, nani kaamka na kichwa cha pombe, nani hajampigia mama yake simu tangu shule ifunguliwe, na wote aliwasema hadharani huku akigeuza mayai. Foleni yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, na kelele zake zilitufikia mpaka kwenye masinki. Mwanawe wa pekee, Casimir, tuliyemwita Caz, alipoanza masomo hapohapo chuoni, alipanga foleni kama wenzake na akasemwa kama wenzake.

"Huyu mrefu ni nani?" mama yake alikuwa akiuliza kwa sauti. "Nguo zake zanuka kama za mtu asiye na mama."

"Mama ninaye, ila kazi yake ni kutukana watu," Caz anajibu, na bwalo zima linavunjika mbavu.

Mwezi wa kumi, alasiri ya Alhamisi, kijana mmoja aliingia maktaba ya chuo akiwa na bunduki. Jina lake Arlene halitaji, na mimi silitaji. Aliwaua wanafunzi wanne kabla polisi hawajamfikia na kumpiga risasi. Sisi jikoni tulikuwa tumefunga milango, tumelala chini kwenye sakafu yenye maji, na Arlene alikuwa anampigia Caz simu. Ilikuwa inaita tu. Anakata, anapiga tena. Mpaka leo simu ikiita muda mrefu bila kupokewa mimi hutoka nje, siwezi kuivumilia.

Caz alikuwa mmoja wa wale wanne.

Baada ya maziko yakaja masinia. Kwetu mtu akifiwa hatuna maneno mengi, tunapika viazi kwa jibini na maziwa, tunavifunika, tunabandika jina letu chini ya sinia ili lirudishwe, tunagonga mlango. Arlene alikuwa mjane, anaishi peke yake, na masinia yalijaa mezani, kwenye friji, mpaka juu ya mashine ya kufulia.

"Viazi tena!" alinifungulia mlango siku moja macho yamevimba. "Mtu huwezi hata kulia kwa raha. Ukifika katikati tu, ngo ngo ngo, viazi."

Nilikuwa nimeleta viazi. Nikaingia navyo hivyohivyo.

Sasa habari ya jiwe. Mbele ya maktaba kuna jiwe kubwa kama gari la mizigo, na tangu enzi za babu zetu wanafunzi hulipaka rangi. Siku ya kuzaliwa ya rafiki, ushindi wa timu, matusi kwa timu nyingine, mtu kumtamkia mwenzake mapenzi, yote huandikwa pale. Kanuni yake ni moja. Rangi yako ni yako mpaka aje mwingine apake juu yake. Hakuna kuomba ruhusa na hakuna kununa. Ukilikwangua utakuta rangi nene kuliko ubao wa mlango.

Wiki ile ya msiba, kikundi cha wapiga ngoma wa chuo walilipaka rangi nyeupe, wakaandika majina manne kwa rangi nyeusi. Walifanya vizuri sana, na sote tulisimama pale tukalia. Lakini baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuligusa. Theluji ikaja, ikaligandia, ikayeyuka, na majina yapo. Wanafunzi wakifika karibu nalo walishusha sauti, na wengine walianza kuzunguka nyuma ya maktaba ili wasipite mbele yake.

Halafu kulikuwa na Duane. Duane Halverson ni baba wa Britta, mmoja wa wale wanne, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Alileta kiti chake cha kukunja, kile cha porini, akavaa koti lake la rangi ya chungwa la kuwindia, akakaa kando ya jiwe kila siku kulilinda. Msimu wa kuwinda paa ulipofunguliwa, siku ambayo kwetu hata wagonjwa huamka wakaenda msituni, Duane alikuwa hapohapo kwenye kiti. Hapo ndipo mji mzima ulipojua kwamba huyu bwana ameumia kweli.

Arlene alirudi kazini mwezi wa kwanza. Nilidhani kazi itamsaidia. Kumbe foleni yake ilikuwa imekufa. Watoto walikuja mmojammoja, wakanong'ona, "Pole, Bi Arlene," wakachukua mayai wakaenda. Aliwatania, wakatazama chini. Wengine walianza kula nafaka za boksi ili wasikutane naye uso kwa uso. Walikuwa wanamheshimu, maskini, na heshima ile ilikuwa inamuua.

"Wamenigeuza kaburi," aliniambia akifuta sufuria ambayo haikuwa chafu. "Kaburi lenye aproni. Nimempoteza Caz, sawa, sina la kufanya. Lakini hawa je? Hawa wako hai, na nao nimewapoteza. Nataka kelele zangu zirudi."

Mwezi wa tatu chuo kikatangaza kwamba jiwe litazungushiwa uzio wa chuma na kuta za kioo, na hakuna atakayelipaka rangi tena milele. Duane ndiye aliyeomba, na nani angemkatalia? Arlene aliposikia alivua aproni, akamimina kahawa kwenye chupa, akaenda kwenye kile kiti. Mimi nilimfuata, maana nilimjua.

"Duane, ndugu yangu, shika kahawa," alisema. "Nimekuja kugombana."

"Gombana taratibu. Kichwa kinaniuma."

"Unataka kumweka mwanangu kwenye kioo kama samaki?"

"Nataka asifutwe. Wangu na wako."

Arlene akakaa kwenye theluji iliyobaki, bila kujali sketi. "Unajua marehemu Leon alinichumbia kwenye jiwe hili? Aliandika usiku kucha, kwa rangi nyekundu, 'Arlene, nioe.' Aliandika hivyohivyo, nioe, kwa woga. Asubuhi nakuja kuona, wachezaji wa hoki wameshapaka juu yake wakaandika wamefunga mabao sita. Leon amesimama hapo na ndoo tupu, hana pa kukimbilia. Ikabidi aseme kwa mdomo wake."

"Ukasema nini?"

"Nilisema hongera kwa mabao."

Duane alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Nyumbani siwezi kuingia chumbani kwake, Arlene. Nafika mlangoni, miguu inakataa. Hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kukaa na jina lake. Ukimgusa Britta nitakuvunja mkono."

"Vunja wa kushoto. Wa kulia una kazi," alisema Arlene. Lakini alikuwa amemshika mkono, na walikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Alimwendea pia Teodora Quiroz, kiongozi wa wapiga ngoma, binti mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye tangu mwezi wa kumi alikuwa akiongea kama yuko hospitali.

"Lipakeni," Arlene akamwambia.

"Bi Arlene, hatuwezi. Watu watasema hatuna utu."

"Watu gani? Mwenye msiba si mimi?"

"Ndiyo, lakini..." Teodora akaanza kulia. "Naogopa. Nikimpaka Caz rangi, itakuwa kama ameondoka kweli."

Arlene alimkumbatia na hakumlazimisha. Njiani akaniambia kwamba amekosea kumwomba mtoto jambo ambalo ni la mama. Jioni ile alizipigia simu zile familia mbili nyingine. Moja ikasema haina neno. Nyingine ikasema haitaweza kuja kutazama, ila asiwasubiri.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, saa za mchana, jua la kutosha, Arlene alifika na ndoo ya rangi ya njano na rola. Ngazi nilibeba mimi. Wanafunzi walijazana mara moja. Kijana mmoja alipiga kelele, "Bibi, acha! Una wazimu?" Mwenzake akamvuta mkono akamnong'oneza, na yule kijana akaziba mdomo kwa kiganja. Mlinzi wa chuo, Mel, akaja mbio.

"Mel, kanuni ya hili jiwe ni nini?" Arlene alimuuliza akiwa juu ya ngazi.

"Anayetaka kupaka, apake," Mel alijibu.

"Basi nishikie ngazi. Huyu mwenzangu ana mikono inayoteleza kwa sabuni."

Alianza na Caz. Nilitaka kumwambia aanze na upande mwingine, lakini angenipaka mimi. Rola ilipita, na jina likabaki linaonekana chini ya njano. Akapita tena, bado likaonekana. Alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka, na hakuacha. Mara ya tatu jina likazama. Akashuka, akajifuta kwa mkono wa blauzi, akahamisha ngazi, akafunika na yale mawili mengine.

Alipofika kwa Britta, Duane alisimama kutoka kwenye kiti. Arlene akaweka rola chini, akachukua brashi ndogo, akapaka kando kando ya lile jina kwa uangalifu kama anayepamba keki, akaliacha kwenye kijimraba chake cheupe.

"Hili ni lako," alimwambia. "Siku ukitaka wewe. Usipotaka, basi."

Kisha, juu ya ile njano, kwa herufi kubwa nyeusi, akaandika: WAPIGA NGOMA WANANUKA MIGUU.

Halafu Teodora Quiroz akatoa kicheko kama mlio wa tarumbeta iliyozibuka, na wengine wakafuata, wanacheka huku wanalia, wanashikana mabega. Jumatatu tulipoingia kazini jiwe lilikuwa la zambarau, na limeandikwa: ARLENE ANAUNGUZA MAYAI. Kijimraba cha Britta walikuwa wamekizunguka bila kukigusa.

Asubuhi ile foleni ilifika mlangoni. "Nani kasema naunguza?" Arlene alifoka, na watu hamsini wakamjibu kwa pamoja. Nilikuwa kwenye sinki, nikafunga bomba ili nisikie vizuri.

Tangu hapo jiwe likawa na kazi kama zamani. Siku za kuzaliwa, hoki, chama cha sataranji kilichokuwa na wanachama watatu na majigambo ya watu elfu. Kila kundi lilikizunguka kile kijimraba, hakuna aliyeambiwa. Habari ya kioo ikafa kimyakimya. Duane aliendelea kukaa kwenye kiti, lakini sasa alikuwa na la kusema. "Rangi gani hii ya kutapisha?" anawaambia. "Nyoosheni mstari, ninyi mnasomea uinjinia au ususi?" Baada ya muda akawa ndiye anayeshika ngazi.

Mwezi wa sita alimpigia Arlene simu. Tulikwenda na gari langu. Duane alikuwa mbele ya jiwe na kopo la rangi ya buluu, amenyoa ndevu.

"Ulipoona jina la Caz limezama," alimuuliza, "ulijisikiaje?"

"Vibaya," alisema Arlene. "Vibaya kabisa, sikudanganyi. Kisha nikasikia njaa. Sikuwa nimesikia njaa tangu siku ile."

Duane akachovya brashi. Alipaka herufi mojamoja, polepole, na kila akimaliza moja aliisoma kwa sauti. Ilipozama ya mwisho alirudi nyuma hatua chache, akatazama lile jiwe lote la buluu lisilo na kitu, mikono imening'inia.

"Sisikii njaa," alisema.

"Bado," alisema Arlene. "Njoo ukae."

Akamsogelea, akamshika kiwiko, akamketisha kwenye kile kiti cha porini, na yeye akakaa kwenye nyasi kando yake. Upande wa pili wa uwanja wanafunzi walikuwa wanakuja na ndoo zao wakibishana kwa sauti kubwa, na hakuna kati ya wale wawili aliyewaambia wanyamaze.